Tandiko la punda wa mkokoteni mwenye mgongo mbaya: kupima, kushona na kufunga

Ukiwatazama punda wanaovuta maji Nakuru, Gilgil au Naivasha, utaona mabaka ya nywele nyeupe mgongoni, hasa pale kamba ya mkokoteni inapolalia. Si uzee wala rangi ya kuzaliwa. Ngozi ilibanwa mpaka damu ikakosa njia, ikafa, na ilipopona mashina ya nywele yakawa hayatoi rangi tena. Ngozi ya hapo imebaki nyembamba na hupasuka upesi kuliko kwingine. Punda wa namna hiyo akivalishwa tandiko la kukisia, kidonda hurudi pale pale.

Anachohitaji ni tandiko lililopimwa kwa mgongo wake mwenyewe, pamoja na mkokoteni uliosawazishwa. Hivi viwili haviachani. Tandiko zuri kwenye mkokoteni ulioelemea mbele halisaidii kitu, na wengi wanaonunua sponji mpya kila mara wangeanza kwa kusogeza mitungi nyuma kidogo. Hilo halina gharama.

Mgongo kwanza

Mkague asubuhi kabla hajavalishwa chochote, akiwa amesimama mahali tambarare, uzito umegawanyika sawa kwenye miguu yote minne. Pitisha vidole vitatu kutoka nyuma ya bega hadi kiunoni, sentimita 5 hivi kando ya uti wa mgongo. Mara ya kwanza gusa tu, usikilize joto na uvimbe. Mara ya pili kandamiza, kwa nguvu ya mtu anayechagua avokado sokoni. Fanya kushoto, kisha kulia, ulinganishe.

Punda huficha maumivu. Farasi akiumwa mgongo aghalabu atarusha teke au atakataa kutandikwa. Punda anaweza kusimama kimya kabisa. Kwa hiyo tafuta dalili ndogo: masikio kurudi nyuma, mkia kubanwa, pumzi kushikiliwa, mgongo kuinama chini ya vidole, au msuli kuwa mgumu kama ubao upande mmoja. Ngozi kutetemeka kidogo kwa mguso wa kwanza ni kawaida, hata nzi huisababisha.

Utakachokikuta kinaamua la kufanya. Kukiwa na kidonda kibichi, hata kidogo kama kifungo cha shati, hakuna tandiko litakalofaa. Punda huyo apumzike hadi ngozi ifunge na nywele zianze kuota, na mara nyingi hiyo ni wiki 3 hadi 6. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita. Oili chafu ya gari, maji ya betri na majivu ya moto huchoma nyama iliyokuwa imeanza kupona, kisha watu hushangaa kidonda kinazidi kupanuka. Muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu jamii ya farasi na punda hushikwa na ugonjwa huo kwa urahisi sana.

Kukiwa na uvimbe wenye joto lakini ngozi ni nzima, simamisha kazi na umkande kwa kitambaa cha maji baridi dakika 20, asubuhi na jioni, hadi uvimbe uishe na asishtuke ukikandamiza. Usaha unaotoka ndani juu ya mabega ni jambo jingine kabisa. Mwite daktari, na usiukamue kwa mikono mitupu: mara nyingine chanzo chake ni vimelea vya bruselosi, ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba, na humwingia binadamu pia.

Anayefaa kupimwa tandiko ni mwenye kovu kavu, mabaka meupe, au misuli iliyonyauka baada ya kuumia zamani. Zaidi ya ubinadamu kuna sheria: Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inayozuia ukatili kwa wanyama, inaharamisha kumfanyisha kazi mnyama ambaye kwa ugonjwa au jeraha hafai kazi hiyo.

Kwa nini kamba hukata

Chukua mkokoteni unaoweka kilo 10 mgongoni. Kamba ya katani inayogusa ngozi kwa upana wa sentimita moja na nusu na urefu wa sentimita 20 ina eneo la sentimita mraba 30. Kila sentimita mraba inabeba zaidi ya gramu 300. Mishipa midogo ya damu kwenye ngozi huanza kuzibika shinikizo likikaribia gramu 45 kwa kila sentimita mraba. Weka kilo zile zile kwenye mito miwili, kila mmoja ukigusa sentimita 12 kwa 33, nawe umefika karibu sentimita mraba 800, yaani gramu 13 tu kwa kila moja.

Hapo hatujahesabu mashimo ya barabara. Gurudumu likitumbukia, uzito huo hupanda ghafla mara kadhaa, na ndiyo sababu tunaacha nafasi kubwa chini ya kikomo.

Kuna kosa la pili, baya zaidi: kamba kupita juu ya mfupa wenyewe. Juu ya uti wa mgongo hakuna nyama, ni ngozi juu ya mfupa. Tandiko lolote, la bei yoyote, lisiguse hapo hata mkokoteni ukiwa umejaa.

Mkokoteni

Pakia kama unavyopakia siku zote. Inua mikono ya mkokoteni ilale sawa, kisha itundike kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza viazi, mahali hasa unapofungwa mshipi wa mgongoni, ule unaopita juu ya tandiko na kuishikilia mikono hiyo. Unatafuta kilo 5 hadi 10 kwa mikono yote miwili pamoja. Ikizidi 10, mzigo umekaa mbele. Ikiwa mikono inataka kuruka juu, mzigo umekaa nyuma, na mshipi wa tumbo utamkaba punda.

Tazama sentimita chache zinavyobadilisha mambo. Mitungi 10 ya lita 20 ikijaa ina kilo 210 hivi. Tuseme kutoka ekseli hadi tandikoni ni sentimita 180. Kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 5 mbele ya ekseli, mgongo unabeba karibu kilo 6. Kikiwa sentimita 25 mbele, unabeba kilo 29. Mzigo ni ule ule na punda ni yule yule. Ukishapata mahali sahihi, pigilia kijiti kwenye sakafu ya mkokoteni ili mtungi wa kwanza usipite hapo, hata akipakia mtu mwingine.

Mteremko huongeza. Mzigo uliopanda sentimita 60 juu ya ekseli, kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10, husogea mbele kwa sentimita 6 na kuongeza kilo 7 mgongoni. Anayeshuka kutoka upande wa Menengai kuelekea mjini Nakuru apange mitungi safu moja, isipandane. Mtungi uwe umejaa au mtupu kabisa. Ulio nusu humwaga uzito wake mbele na nyuma njia nzima. Upepo wa magurudumu uwe sawa, la sivyo mkono mmoja hukaa chini na upande mmoja wa mgongo hubeba peke yake.

Kupima

Utahitaji sentimita 70 za waya bapa ya stima ya milimita mraba 2.5, ile ya kuvutia soketi. Hupinda kwa mkono na kubaki ilivyopindwa. Tafuta pia katoni, kalamu ya kuandikia katoni na kisu.

Anza kwa kutafuta mipaka. Mtu mmoja avute mguu wa mbele wa punda mbele taratibu; ukingo wa juu wa mfupa wa bega utarudi nyuma chini ya kiganja chako. Tandiko lianze vidole vitatu nyuma ya ukingo huo, ulipofika mguu ukiwa umenyoshwa. Usifuate ule mstari mweusi unaokata mabegani, kwa sababu mfupa huupita ukienda nyuma. Kisha tafuta ubavu wa mwisho, wa 18, uufuate kwa vidole kuanzia ubavuni hadi juu. Tandiko liishie kabla yake. Nyuma ya hapo hakuna mbavu za kushikilia uzito. Kwa punda wa kimo cha kawaida, tandiko la sentimita 35 linaenea.

Laza waya juu ya mgongo, ukiukata mgongo kwa upana, na uubonyeze ufuate umbo pande zote mbili. Uinue bila kuukunja, uulaze kwenye katoni, uchore. Fanya hivyo mara tatu: nyuma ya bega, katikati, na karibu na ubavu wa mwisho. Andika kushoto na kulia kwenye kila mchoro, maana utasahau. Kata katoni kwa kisu, uzirudishe mgongoni; zikae bila mwanga kupita chini yake.

Mara nyingi pande mbili hazitalingana. Umbo la tandiko lifuate upande wenye nyama zaidi, halafu upande ulionyauka uongezwe kipande cha blanketi chini ya mto. Ukifanya kinyume, upande mnene utabanwa kila siku.

Kushona

Tandiko la mkokoteni lina sehemu tatu: mito miwili, mbao mbili juu ya mito, na matao mawili ya chuma yanayoziunganisha mbao na kuuinua mshipi juu ya uti wa mgongo.

Matao mpe fundi wa kuchomea vyuma pamoja na katoni zako, usimwachie akisie. Flatibaa, yaani chuma bapa, ya upana wa inchi 1 na unene wa milimita 5 inatosha, vipande viwili vya sentimita 50, na vyote viwili havizidi kilo moja. Mwambie aongeze unene wa mto, sentimita 6, nje ya mstari wa katoni. Mbao ziwe sentimita 10 kwa 30, unene wa milimita 12, kona zimeviringwa na kingo zote za chini zimesuguliwa kwa msasa. Ubao wenye ncha kali hupita ndani ya mto wowote baada ya mwezi.

Mito ikatwe vipande vinne vya sentimita 24 kwa 45. Gunia moja la juti linatosha. Gunia la nailoni linateleza, halinywi jasho, na hupika ngozi jua likiwaka. Shona vipande viwili viwili kwa sindano ya gunia na uzi wa nailoni uliopakwa nta, mishono ikiachana sentimita 1, ukiacha mdomo upande mmoja. Geuza ndani nje.

Kujaza ndiko kwenye kazi, na hapo ndipo matandiko mengi huharibika. Majani makavu ya ngano kutoka Njoro au ya mpunga kutoka Ahero ni mazuri kuliko sponji: hupitisha hewa na yanabaki na umbo. Ya shayiri uyaepuke, miiba yake hutoboa gunia na ngozi. Katakata urefu wa kiganja, anza kwenye kona, sindilia kwa kijiti hadi mto uwe mgumu kiasi cha kidole gumba kuzama sentimita 1 tu. Kila mto utameza karibu nusu kilo. Ukibonyeza ukakuta donge, toa uanze tena. Donge moja hubeba mzigo wa mto mzima.

Ukishafunga mdomo, pitisha mishono kutoka juu hadi chini kila baada ya sentimita 8 ili majani yasihame. Mafundo yote yabaki upande wa juu, wa ubao. Upande wa ngozi uvalishe foronya ya blanketi au pamba inayoweza kuvuliwa na kufuliwa, na suuza sabuni yote iishe. Kati ya mto na mto acha sentimita 7 za wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, huo ndio mfereji wa uti wa mgongo.

Juu ya matao, fungia vitanzi viwili vya ngozi au mpira wa tairi, na mshipi wa mgongoni upite ndani yake ukiteleza kwa uhuru. Usiufunge kwenye tandiko. Gurudumu moja likipanda jiwe, mshipi utateleza na tandiko litatulia. Ukifungwa, kila jiwe linaupinda mgongo. Mkanda wa usalama wa gari kuukuu, ulioshonwa mara mbili, ni mshipi mzuri kuliko mnyororo au kamba.

Kovu lililopo

Watu hupenda kutoboa tundu kwenye mto mahali pa kovu. Wazo linaeleweka, ila ukingo wa tundu huchukua uzito uliokuwa wa katikati, na nyama ya kovu hutuna kuingia ndani ya tundu. Baada ya muda unapata kidonda cha duara. Badala yake, punguza majani mahali hapo kidogo kidogo, ukianzia sentimita 4 nje ya kovu pande zote, mto ukishuka taratibu bila ngazi. Kovu kubwa kuliko kiganja likiwa chini ya ubao, heri kurefusha mbao na kusogeza matao ili uzito ukae mbele na nyuma yake, maadamu hujavuka ubavu wa mwisho.

Kufunga

Piga brashi mgongo na foronya. Vumbi la Nakuru ni jepesi, la majivu ya volkano, na chini ya tandiko hugeuka msasa. Weka tandiko mbele kidogo ya mahali pake, ulivute nyuma, ili nywele zilale. Usilisukume mbele.

Mshipi wa tumbo upite vidole vinne nyuma ya kiwiko, na kiganja kilicholala kiingie chini yake bila kulazimishwa. Huo ni wa kuzuia mikono isiruke, si wa kulibana tandiko. Mshipi wa kifuani uwe na upana wa sentimita 8 hadi 10, ukae juu kidogo ya ncha ya bega. Ukipanda utamziba pumzi, ukishuka utamzuia kupiga hatua. Kisha mshipi wa makalioni, ambao wengi huuacha. Bila huo mkokoteni husimamishwa na tandiko wakati wa kushuka, nalo husukumwa hadi kwenye mifupa ya mabega. Uache nafasi ya ngumi moja kati yake na paja.

Mkokoteni uletwe kwa punda, si punda kurudishwa kinyumenyume kati ya mikono.

Kujaribu

Tandaza kitambaa cheupe safi chini ya mito, tembeza dakika 20 na mkokoteni mtupu, kisha ukitazame. Uchafu na jasho vienee sawa pande zote mbili. Doa jeusi sana mahali padogo ni shinikizo. Katikati pakiwa peupe na mwisho wa mbele na wa nyuma peusi, mto unapita kama daraja: ongeza majani katikati. Weusi ukiwa kwenye mstari wa uti wa mgongo, tandiko hilo lisitumike hata safari moja.

Baada ya kazi legeza mishipi lakini uliache tandiko juu dakika 10 ili damu irudi polepole. Liondoe, uguse mgongo, kisha uguse tena nusu saa baadaye. Uvimbe wa kubanwa huchelewa, na anayekagua mara moja tu huukosa. Wiki ya kwanza beba nusu ya mzigo.

- Tandiko linakwenda mbele: mshipi wa makalioni umelegea, au mkokoteni umeelemea mbele. Kukaza mshipi wa tumbo si jibu.
- Linalala upande mmoja: angalia upepo wa magurudumu kabla ya kulaumu mito.
- Nywele zimekatika bila uvimbe: tandiko linasugua, mara nyingi kwa sababu mshipi hautelezi kwenye vitanzi.

Ukinunua lililo tayari

Beba zile katoni sokoni. Ligeuze tandiko, uziingize. Zikigusa katikati tu au kingoni tu, acha. Kunja mto: sponji ya godoro jepesi itakunjika kabisa na kugusana, na chini ya mzigo itafanya vivyo hivyo. Tandiko la farasi usimwekee punda. Mgongo wa punda ni bapa na hauna kilele cha mabega cha kulizuia lisitembee.

Kwa punda wa kubeba mgongoni bila mkokoteni, kama wale wa maji kule Bondo na Ahero, hesabu ni kali zaidi. Punda mwenye mzingo wa kifua wa sentimita 115 ana kilo 130 hivi, na theluthi ya hizo ni mitungi miwili. Kilo 42 kwenye mito ya sentimita mraba 800 ni gramu 53, juu ya kikomo cha 45. Fanya mito iwe sentimita 17 kwa 40, ikigusa 15 kwa 38, mgongo wake ukiruhusu, nawe utashuka hadi 37. Foleni ikiwa ndefu kisimani, shusha mitungi.

Mwenye farasi wa kupanda, iwe Gilgil au Njoro, atumie njia ile ile ya waya na kitambaa cheupe, ila aongeze kipimo kimoja: mpandaji akishaketi juu, vidole viwili au vitatu viingie kati ya tandiko na kilele cha mabega.

Rudia kupima kwa waya mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi mwezi Machi na baada ya mvua ndefu. Punda akikonda, mfereji wa sentimita 7 hauna kina tena. Majani yabadilishwe kila miezi 3 au 4, na mapema zaidi Kisumu, ambako joto na unyevu huyaozesha. Mto ukinuka ukungu, tupa majani yote, fua gunia, ulianike juani siku nzima kabla ya kujaza upya.